Taa za Kuonea na Taa za Kuonekana

Hotuba ya fundi umeme wa magari mbele ya madereva na mafundi wenzake, kama ilivyoandikwa kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa.

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Na mafundi wenzangu mliojikusanya karibu na mlango kama kawaida yetu, nawaona, msitoroke kabla sijamaliza.

Mezani hapa nimeweka betri moja, swichi moja na taa mbili za nyuma nilizozing'oa kwenye gari lililokwisha kazi yake. Tutaziwasha baadaye. Mkononi nina balbu mbili. Hii ya kioo ni ya aina ya H7 ya kawaida, ya halojeni, yaani ya uzi unaowaka, wati 55. Hii nyingine yenye mapezi ya alumini na kafeni kadogo mkiani ni LED iliyotengenezwa ili ichomekwe palepale pa ile ya kwanza. Sanduku lake lina picha ya radi. Sijui kwa nini kila sanduku la balbu za LED lazima liwe na radi.

Karibu kila wiki mtu anaingia gereji na kuniambia, "Fundi, nitolee hizi balbu za njano, niwekee LED gari zima." Nami humuuliza, taa ipi? Anashangaa, kwa sababu ameshajibu: gari zima. Lakini swali langu lina maana yake, na leo nimekuja kulieleza hilo tu.

Gari lina taa za kuonea na taa za kuonekana. Za kuonea ni zile za mbele, dimu ya kumulika chini na fulu ya kumulika mbali, ambazo dereva anazitumia kuona anakokwenda. Za kuonekana ni breki, indiketa, parking, taa za namba. Hizo wewe mwenyewe huzioni kabisa ukiwa umeshika usukani. Zimewekwa ili mwenzako ajue uko wapi na unataka kufanya nini. Rivasi ina mguu huku na mguu kule. Sasa, kwenye taa za kuonekana, ukiniambia unataka LED nitakuunga mkono karibu kila mara, kwa masharti machache. Kwenye taa za kuonea nitakubishia, na wengi wenu mtaondoka hapa mmenuna.

Nianze na kosa langu mwenyewe, mtu asije akadhani nimekuja kuwasema wengine. Miaka kadhaa iliyopita nilibadili taa za mbele za gari langu. Nikachomoa balbu zake za halojeni, aina ya H4, nikachomeka LED, nikafunga boneti. Kazi ya dakika kumi. Usiku ule nikatoka barabarani nikajiona mfalme: lami nyeupe pe, kila jani la kando linahesabika. Magari mawili matatu yaliyokuja mbele yangu yakanipigia fulu. Nikasema moyoni, wivu huo. La nne likapiga fulu na honi juu yake.

Kesho yake usiku nikampa mdogo wangu ufunguo. Nikamwambia nenda mpaka mwisho wa barabara, geuza, rudi taratibu ukiwa na dimu. Mimi nikasimama pembeni, karibu na pale ambapo dereva wa upande wa pili angekuwa. Alipobakiza kama mita hamsini, gari silioni. Naona ukuta wa mwanga. Ukingo wa barabara siuoni, na nilipojaribu kuangalia chini hata viatu vyangu sikuvipata. Alipopita nilibaki na doa la kijani linaelea machoni, na nyuma yake kulikuwa na baiskeli inakuja. Kengele niliisikia kabla sijaiona baiskeli, na mpini wake ulipita karibu na kiwiko changu. Na zile zilikuwa dimu, jamani. Fulu hatukuigusa.

Balbu nilizitoa usiku uleule, nikiwa nimeng'ata tochi mdomoni.

Kilichotokea ni nini? Tazameni hii ya kioo. Ndani yake kuna uzi wa tangsteni, urefu wake kama milimita 4. Mwanga wote unatoka kwenye kakipande hako, na unasambaa kuuzunguka uzi pande zote. Aliyebuni taa ya gari lako alianza na uzi huo. Alijua umekaa wapi, hadi vipande vya milimita. Ndiyo maana shingo ya balbu ina sahani ya chuma yenye vimeno, haikubali kuingia ila kwa namna moja. Halafu akaikunja riflekta, lile bakuli linalong'aa ndani ya taa, kuuzunguka uzi: sehemu hii itupe mwanga mbali kwenye njia, hii iutandaze kando watembeako watu, na hii isirushe chochote juu ya mstari wa macho ya anayekuja. Riflekta haijui wala haijali umeweka balbu gani. Inachojua ni mahali pa uzi.

Sasa tazameni LED. Mwanga unatoka kwenye vidoto vya njano vilivyobandikwa pande mbili za ubao mwembamba. Kati ya upande mmoja na mwingine kuna unene wa ubao, ambako mwanga hautoki. Juu na chini kuna kivuli. Watengenezaji wazuri wanajitahidi kuufanya ubao uwe mwembamba na vidoto vikae pale ambapo uzi ungekaa, na wengine wamefika karibu sana. Lakini karibu haitoshi. Milimita moja ndani ya taa, ukiifuata hadi mita hamsini mbele, ni tofauti ya kummulika mtu magotini au kummulika machoni.

H4 ndiyo mbaya zaidi. Ile balbu ina nyuzi mbili, wa dimu na wa fulu, wati 55 na 60. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kama nusu ganda la karanga. Watu wengi hukiona wakadhani ni cha kushikilia uzi. Kazi yake ni kuziba mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya riflekta, kwa sababu mwanga unaogonga nusu ya chini ndio unaopanda juu na kumpofusha mwenzako. Dimu ya H4 inaishi kwa kikombe kile. LED za H4 zina kitu cha kukiigiza, lakini nimekuta nyingine kimewekwa kama urembo tu, mwanga unakizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

Kama umeshaweka na huna mpango wa kutoa, angalau fungua leo uangalie vidoto vimetazama wapi. Vinatakiwa vitazame kushoto na kulia, kama mishale ya saa tatu na saa tisa. Nimeshakuta vinatazama juu na chini, kwa sababu aliyefunga alizungusha mpaka waya ukafika.

Mtu ataniambia, fundi, lakini mimi naona vizuri zaidi! Ni kweli unaona mwanga mwingi zaidi. Mwingi wake umeanguka mita kumi mbele ya bampa. Jicho likikutana na lami nyeupe hapo karibu, mboni inajibana, na kule mbali, ambako ndiko kwenye ng'ombe na shimo, kunazidi kuwa giza kwako. Unajisikia salama, na umbali unaouona huenda umepungua. Na anayekuja mbele anaumia zaidi, kwa sababu mwanga wa halojeni, kwa kipimo cha rangi ya mwanga, ni wa kelvini 3,200 hivi, wenye unjano, na LED hizi mara nyingi ni 6,000, zenye ubuluu. Hata mita ikisoma sawa, mweupe wenye ubuluu unalikera jicho kuliko wa njano.

Kuna kijana pale ameinua mkono tangu nianze. Sema. Anauliza, mbona magari mapya yanatoka kiwandani na LED na hayapofushi mtu? Swali zuri, ingawa wapo watakaobisha hapo kwenye kupofusha. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na LED kwenye dimu lilikuwa Lexus LS 600h, mwaka 2007, na mwaka uliofuata Audi R8 ikaja na taa za mbele ambazo zote ni LED. Pale hakuna balbu iliyobadilishwa. Taa nzima ilizaliwa na LED: riflekta yake, lenzi yake, chuma chake cha kupozea. Ukitaka LED za kuonea kwa njia ya haki, badili taa nzima kwa taa iliyotengenezwa hivyo na kuidhinishwa. Kubadili balbu peke yake ni kumvalisha mtu viatu vya mwenzake: vitaingia, lakini atembee.

Na hapa sheria inatusaidia kuelewa. Nchi nyingi zinafuata kanuni za Umoja wa Mataifa, na balbu za uzi zina kanuni yao, Namba 37. Taa inaidhinishwa pamoja na aina ya balbu yake. Ukiingiza kitu kingine, idhini imekufa. Ujerumani, mwaka 2020, walianza kuruhusu baadhi ya LED ziingie mahali pa halojeni, lakini waliruhusu kwa orodha. Balbu ileile inakubaliwa kwenye modeli hii na haimo kwa ile nyingine, kwa sababu kila taa inapimwa na balbu hiyo ndani yake. Kwa hiyo mwenye gari kwenye nchi yake aulize sheria ya kwake kabla hajanunua, asimsikilize muuza balbu. Wala asinisikilize mimi.

Basi mwenye taa hafifu afanyeje? Mimi huchukua mita kwanza. Nawasha injini, nawasha taa, napima volti kwenye betri, halafu napima palepale nyuma ya balbu, kwenye soketi. Betri inasoma 14, soketi inasoma 12 na kidogo. Hizo volti karibu mbili zimeliwa njiani: ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia bodi, yenye kutu, swichi iliyochoka, soketi iliyoungua. Na mwanga wa balbu ya uzi huanguka kwa kasi kuliko volti. Ukipoteza asilimia 10 ya volti, umepoteza kama asilimia 30 ya mwanga. Nimewahi kumrudishia mama mmoja taa zake kwa kipande cha msasa na spana namba kumi, kwa kusugua boliti ya ethi nyuma ya taa. Alikuwa ameshika sanduku lenye radi mkononi.

Halafu kioo cha taa. Kama kimekuwa cha njano na ukungu kama jicho la mzee, LED itakachofanya ni kuuwasha ule ukungu wenyewe. Sugua kwanza, ng'arisha, paka kinga ya jua. Halafu elekeza taa: gari kwenye sakafu iliyo sawa, mita 10 kutoka ukutani. Kwa mteremko wa asilimia moja, ambao magari madogo mengi yanautaka, mpaka wa mwanga wa dimu uwe sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe. Ukishafanya hayo matatu na bado huoni, ndipo urudi tuongee.

Sasa tugeuke nyuma ya gari, ambako kuna raha.

Hizi taa mbili za mezani zote ni za breki. Kushoto nimeweka LED nyekundu, kulia balbu ya uzi, P21/5W, ile yenye nyuzi mbili. Swichi ni moja. Kijana, nibonyezee. Zima. Bonyeza tena. Wazee wa mbele, mmeona? Kushoto inalipuka, kulia inachelewa, inapanda. Uzi lazima upate moto kwanza ndipo ung'ae, na hiyo inachukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde. LED haisubiri moto. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo hizo mbili za kumi ni mita tano na nusu. Anayekufuata ameongezewa mita tano na nusu za kukanyaga breki. Hapo LED imenishinda, sina ubishi. Gari dogo halifiki urefu huo.

Lakini masharti. La kwanza, rangi. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, nyuma ya kioo cha rangi ya chungwa weka ya rangi hiyo. Watu wanaweka nyeupe wakidhani kioo kitaipaka rangi. Kioo hakipaki rangi, kinachuja. Balbu ya uzi ina wekundu mwingi ndani ya mwanga wake, kwa hiyo ukichuja unabaki na chakula cha kutosha. LED nyeupe ndani yake ni LED ya buluu iliyopakwa unga wa njano. Wale wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani waliopewa Nobel mwaka 2014, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa kwa hiyo buluu. Wekundu wa LED nyeupe ni haba. Ukiupitisha kwenye kioo chekundu, mwingi unabaki ndani na kinachotoka ni waridi waridi, tena hafifu kuliko balbu uliyoitoa. Ukitaka nyeupe, iweke rivasi, kwenye taa za namba na parking za mbele. Huko itapendeza.

Sharti la pili ndilo ninaloliona linavunjwa sana, na hakuna anayeligundua kwa sababu dereva haoni mgongo wa gari lake. Taa ya nyuma ina kazi mbili kwenye balbu moja: kuwaka kidogo usiku, na kuwaka sana ukikanyaga breki. Kwenye P21/5W, uzi mdogo unatoa mwanga wa lumeni 35 na mkubwa 440. Zaidi ya mara kumi na mbili. Anayekufuata hasomi taa yako ina nguvu kiasi gani. Anasoma mruko kutoka hafifu kwenda kali. LED za ovyo zinawaka vikali usiku kucha, halafu ukikanyaga breki zinaongezeka kidogo tu. Zinapendeza, zinametameta, na hazisemi kitu. Kabla hujamlipa fundi, mwambie akae ndani akanyage breki huku parking zinawaka, wewe simama nyuma hatua thelathini, fumba macho, fumbua. Kama huna uhakika breki imekanyagwa au haijakanyagwa, rudisha balbu za zamani.

Na utazame pia ukiwa pembeni. LED yenye vidoto vinavyotazama nyuma tu inamulika kama tochi, na riflekta iliyoizunguka inabaki giza. Ukisogea kando kidogo, taa imezimika. Chagua zenye vidoto kuzunguka ubavu.

Indiketa. Hapa ndipo mnaponiletea kazi. Mmebadili, mkawasha, indiketa inakimbia kama moyo wa kuku. Kasi inayokubalika kwenye kanuni nyingi ni kati ya mapigo 60 na 120 kwa dakika. Hiyo yenu inazidi hapo. Gari halijaharibika. Flasha, kile kifaa kinachoipepesa indiketa, imezoea balbu za wati 21, na mkondo ukipungua inadhani moja imeungua, kwa hiyo inaharakisha ili ikuambie. LED inakula kidogo mno, flasha inakushitakia balbu iliyo nzima.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kubadili flasha, kuweka inayokubali LED. Kama flasha ya gari lako ni ya kuchomoa, hiyo ndiyo njia, usitafute nyingine. Ya pili ni rezista, kile kipande cha rangi ya dhahabu chenye mapezi, mara nyingi omu 6, kinachofungwa sambamba na LED ili kiule mkondo ambao balbu ingekula. Fanyeni hesabu na mimi: volti 12 gawa kwa 6 ni ampea 2, wati 24, na injini ikiwaka inapita 30. Yaani umetoa balbu ya wati 21 kuokoa umeme, ukaweka hita ya wati zaidi ya ishirini ndani ya buti. Sijui nani alitubariki na akili hiyo.

Na hita kweli. Nililetewa gari siku moja, mwenyewe anasema kuna harufu ya nywele zilizoungua kila akiwasha hazadi, indiketa zote kwa pamoja. Nikafungua pazia la buti upande wa kushoto. Fundi aliyemfungia, simtaji na wala simjui, aliibana rezista kwa kamba ya plastiki kwenye fungu la nyaya. Kamba imeyeyuka, rezista imedondoka juu ya zulia la pembeni, limekuwa jeusi na gumu, umbo la mapezi limechorwa mle kama muhuri. Nyaya mbili ganda limekwisha, shaba inang'aa, zimebakiza upana wa kucha kugusana. Moja kati ya hizo ilikuwa ya pampu ya mafuta. Rezista ikikulazimu, ifunge kwa skrubu kwenye chuma cha bodi, mbali na nyaya, mbali na plastiki, na mbali na rangi unayoipenda.

Kwenye magari ya zamani kuna kituko kingine. Kama dashibodi ina kialama kimoja tu cha mshale kwa pande zote mbili, balbu yake huwa imefungwa kati ya mzunguko wa kushoto na wa kulia, inatafuta ethi kupitia balbu za upande wa pili. Ukiweka LED, ule mkondo mdogo unaovuja unatosha kuziwasha, kwa hiyo ukionyesha kulia gari linaonyesha kote. Kituko hicho kinataka diodi mbili, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na fundi mwenye subira.

Mengine ni madogo. LED haiwaki? Igeuze, ina chanya na hasi, balbu ya uzi haikuwa nayo. Inawaka kwa mbali hata ukizima, au inapepesa gari likiwa limetulia? Kompyuta ya gari inatuma vijimkondo vidogo kukagua balbu. Uzi haukuvihisi, LED inavihisi. Nunua zenye saketi ya kuituliza kompyuta, na ujue nazo zinapata joto. Na redio ikianza kukoroma kila ukikanyaga breki, usimwite fundi redio. Nina mteja aliyebadili antena mara mbili kabla hatujagundua kwamba mkorofi alikuwa balbu ya breki.

Faida moja sijaisikia ikitajwa sana. Parking mbili za mbele, mbili za nyuma na taa mbili za namba, zote za wati 5, ni wati 30, ampea mbili na nusu. Ukizisahau usiku kwa muda wa saa kumi, umekwisha maliza saa-ampea 25, zaidi ya nusu ya betri ya 45. Kwa LED, gari litawaka asubuhi. Mimi msahaulifu, na hiyo peke yake ilinitosha.

Mzee pale anauliza nimeweka nini kwenye gari langu. Nyuma yote LED, isipokuwa indiketa, ambazo flasha yake imejificha ndani ya boksi la kompyuta na sina hamu ya rezista. Mbele parking LED. Dimu na fulu, halojeni za kawaida za kiwanda, na ethi zilizosuguliwa. Balbu nilizozitoa ziko kwenye droo ya dashibodi zimefungwa kwa kitambaa, na ya kioo ya halojeni siishiki kwa kidole kitupu. Mafuta ya ngozi yanatengeneza doa la joto na balbu inakufa mapema.

Sasa naona nje giza limeshuka vya kutosha. Nyuma ya ukumbi huu kuna ukuta mweupe. Mchana nimepima mita 10 na kuchora msalaba kwa chaki. Nani hapa ana LED kwenye taa za mbele? Wewe. Na wewe, usifiche mkono, nimeliona gari lako ulipoingia. Tuanze na hilo jeupe. Ingia, washa injini, weka dimu, usiguse fulu. Sisi wengine tutasimama upande wa ukutani, tuliangalie.